Zai, shangazi hawekewi mfuko

Zai mambo, wazima huko? Zamu za usiku zimenimaliza, ndo nafungua simu sasa hivi nakuta voisi zako zote na unalia. Baba mdogo naye kanipigia, kasema shangazi anafanyiwa "kolostomi", atatembea na mfuko tumboni mpaka anaingia kaburini. Hapana jamani! Ile picha ya karatasi uliyonitumia nimeikuza nikaisoma vizuri, imeandikwa kolesistektomi. Ni kitu kingine kabisa.

Haya maneno ni Kigiriki kilichoungwaungwa. Khole ni nyongo (ndo hiyohiyo iliyo kwenye melankolia, zamani waliamini huzuni inaletwa na nyongo nyeusi), kistis ni kifuko, ektome ni kukata ukatoa. Yani kinatolewa kile kifuko cha nyongo chenye mawe, basi. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, itashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Kolostomi sasa, kolon ni utumbo mpana, stoma ni mdomo, wanafungua tundu tumboni choo kitokee hapo.

Na najua baba mdogo kapotelea wapi. Daktari akiongea Kiingereza anakaza TEK, ko-le-sis-TEK-to-mi, silabi sita na ya nne ndo yenye nguvu, ile nyingine anakaza LOS, ko-LOS-to-mi. Nguvu inaangukia palepale penye tofauti! Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema kolesistekTOmi, kolosTOmi, mikia inafanana, na ukisikia harakaharaka koridoni na roho iko juu ndo kabisa. Mwambie asikilizie TEK.

Tena huu upasuaji si wa majaribio, daktari mmoja Mjerumani, Langenbuch, alifanya wa kwanza Berlin mwaka 1882 na mgonjwa wake akapona, siku hizi wengi wanafanyiwa kwa vitundu vidogo tu. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyekaa na shangazi akamweleza, mtu mzima analala na hofu ya mfuko ambao haupo.

Yeye mwenyewe kaambiwa nini hasa? Anakula? Tarehe imepangwa? Watampasua au ni vitundu? Nani analala naye, Mwanaidi kesharudi? Daktari akipita kesho muulize mbele ya shangazi ataje jina lote la upasuaji polepole, halafu nipigie hata kama ni usiku, niko macho.

Rehema