Shoga, nimemkosesha mtoto hesabu

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku wazima, bibi kaacha mkongojo, mvua ndiyo hiyo haieleweki. Najua nimenyamaza tangu arusi ya Rehema, nisamehe. Leo nina shida, na shida yenyewe ni hesabu. Haya, cheka umalize.

Binti yangu yuko kidato cha tano. Juzi kaja na swali: f(x) = 2x + 3, g(x) = x², tafuta f(g(3)). Mimi na kiherehere changu: mwanangu, si unaona f imeandikwa mwanzo? Anza nayo! 3 mara 2 ni 6, jumlisha 3, 9. 9 kipeo cha pili, 81. Kapigwa kosa, wino mwekundu. Kumbe unaanzia ndani: 3 inaingia g, inatoka 9, hiyo 9 ndiyo inapelekwa kwa f, jibu 21. Siku mbili kaninunia.

Jana nakuna nazi ndipo nikaelewa. Si tunasema tui la nazi iliyokunwa? Tui linatajwa mwanzo, lakini mkono unaanza na mbuzi. Ukianza kukamua, utakamua nini, kifuu? Nikamwita jikoni nikamwonyesha. Akacheka! Nikavimba kichwa, ila si kwa muda mrefu, maana akaleta jingine: g(x) = x − 7, f ni kipeuo cha pili cha x, tafuta f(g(3)). Ndani inatoka −4. Yeye aliandika −2, kosa tena. Mwalimu anasema jibu halipo. Nikapiga: −2 mara −2 ni 4, 2 mara 2 ni 4 vilevile, hakuna inayotoa −4. Sasa shoga, g inaikubali 3, f peke yake inaikubali, zikishikana zinaikataa! Nilijaribu 8 ikapita, 7 ikapita ikatoa 0, 6 ikagoma. Kwa hiyo ni 7 kwenda juu, lakini kumweleza kwa nini... hapo ndipo nazi zangu zimeniishia.

Utakuwepo Morogoro likizo ya Desemba? Nimlete japo wiki moja? Lile daftari lako la jalada gumu bado unalo, au uliwashia jiko? Baba Salim hatachoka na kelele? Na ya Rehema ni kweli?

Shogako,
Asha

Ile 81 usimwambie Rehema.