Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lubumbashi hadi Likasi kwa Miguu

Ndugu wanachama, mama na baba, na ninyi vijana wetu,

Mkutano uliopita wa chama chetu cha familia zenye hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, ulitutuma tutembee, nasi tumetembea: kilomita zipatazo 120, kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kusini mwa Kongo yetu, siku nne za mwezi wa Juni. Tuliondoka 11, tukafika 9. Wawili walirudi kwa gari, nyayo zimejaa malengelenge, na kosa ni la kamati, kwa maana viatu vipya tuliwagawia jioni ya kuamkia safari. Nawaomba radhi mbele ya mkutano huu.

Wengine mliuliza kwa nini wenye hemofilia hawakutembea. Mnawajua wanetu. Damu yao imepungukiwa na protini ya kugandisha, faktari VIII kwa hemofilia A au faktari IX kwa hemofilia B. Mwendo kama ule ungewavujisha damu ndani ya magoti na vifundo bila jeraha lolote kuonekana. Tukatembea wazazi, kaka na dada. Wao walitupokea Likasi wakiwa wamekaa kivulini, na mwanangu akanivua viatu.

Baridi ya asubuhi ilikuwa kali. Tulifuatana mstari mmoja pembeni mwa lami, malori ya madini yakitupita karibu mpaka vitenge vinapepea. Siku ya kwanza bango letu lilikuwa na neno moja kubwa, HEMOFILIA, na halikumsimamisha mtu. Muuza makaa mmoja alituuliza, “Muko ba kanisa gani?” Jioni ile tulilikunja. Kesho yake tukaanza kuuliza swali tu: hapa kuna mtoto aliyetahiriwa, damu ikakataa kukatika? Kila tuliposimama, mtu alimjua mmoja. Mara nyingi alikuwa mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Tulipofika Luisha, siku ya tatu, alikuja mama amebeba mgongoni mvulana wa miaka kama sita. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi inang'aa, mguu haunyooki. Wiki iliyotangulia alikuwa na homa, akachomwa sindano ya takoni, na tako nalo likavimba likawa jeusi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi hapo hapo, akauliza kwa sauti ya wote kusikia: nani alimletea mtoto huyu ugonjwa? Nilimjibu polepole, kwa sababu swali hilo niliulizwa mimi pia nyumbani kwangu. Kasoro hii hupita kwa mama bila yeye kuijua wala kuitaka, na karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo. Si uchawi. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akaenda kutuletea bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mvulana 1 kati ya 5,000 hivi huzaliwa na hemofilia A. Linganisheni hesabu hiyo na mji wetu wa zaidi ya watu milioni mbili, halafu tazameni daftari letu la wagonjwa lilivyo jembamba. Hao wengine wako wapi?

Fedha ataeleza mweka hazina. Tarehe 17 Aprili, siku ya hemofilia duniani, tuliiadhimisha kwa unyenyekevu.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba jambo moja: kila familia iliyo hapa izungumze na wanaotahiri watoto mtaani kwake, iwe muuguzi au ngariba. Waulize kwanza, kabla ya wembe, kama mjomba au kaka wa mtoto aliwahi kuvuja damu bila kukoma. Wenye ugonjwa huu wasipewe aspirini, wasichomwe sindano ya msuli. Kiungo kikivimba, barafu na kupumzishwa wakati wanapelekwa hospitali.

Yule mvulana wa Luisha amekwisha kupimwa, ni hemofilia A. Yeye na mama yake wameketi nyuma karibu na mlango, bibi yuko pamoja nao. Naomba mkutano uwapokee kuwa wanachama kabla hatujasikiliza hesabu.