Meli za mafuta ziwani zisitembee bila tagi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nafuga sato kwenye vizimba upande wa Luchelele, na ninalotaka kulisema linawagusa pia wavuvi, wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba na kila mkazi wa Mwanza anayefungua bomba la maji asubuhi.

Mafuta yameanza kusafirishwa kwa meli katika Ziwa Victoria kwa kiwango ambacho hatukukizoea. Kenya ilikamilisha gati la mafuta Kisumu mwaka 2018. Uganda nayo ikapata ghala kando ya ziwa, karibu na Entebbe, pamoja na meli ya MV Kabaka Mutebi II, inayobeba takriban lita milioni 4.5 kwa safari moja. Hiyo ni shehena ya malori zaidi ya 100, yote ndani ya chombo kimoja, juu ya maji tunayokunywa. Huku kwetu kuna mradi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, na bandari ya Mwanza Kusini inaboreshwa ili mizigo ya Uganda ipite hapa. Sitashangaa dizeli na petroli zikiwa miongoni mwa mizigo hiyo, wala sipingi. Baada ya mlipuko wa lori la mafuta Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, hakuna Mtanzania wa kuambiwa hatari ya kubeba mafuta kwa lori.

Ninachodai ni kwamba meli iliyojaa mafuta isiingie wala kutoka kwenye ghuba zetu bila kusindikizwa na tagi, na kwamba jambo hilo liwe sheria katika nchi zote tatu.

Kwa asiyeijua, tagi ni ile boti fupi, nene, ya bandarini, yenye injini kubwa kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kazi yake ya kila siku ni kusukuma na kuvuta meli gatini. Kusindikiza ni kazi nyingine. Tagi hufungwa kwa kamba nene kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, na kuifuata hivyo hivyo mpaka ivuke mahali pa hatari. Usukani ukigoma, tagi huvuta upande mmoja na meli ikageuka. Injini ikizimika, huvuta kinyumenyume na mwendo ukapungua. Meli yenye shehena haina breki za gari; injini ikizimwa bado huendelea kusonga mbele kwa muda mrefu. Kwa hiyo kamba lazima iwe imefungwa kabla ya tatizo. Kumpigia simu nahodha wa tagi aliyelala nyumbani kwake, wakati meli imeshaanza kwenda mrama katika dhoruba ya usiku, hakusaidii kitu.

Wenzetu waliyajua haya kwa hasara. Januari 1993 meli ya Braer ilizimika injini karibu na visiwa vya Shetland, Uingereza, baada ya maji ya bahari kuingia kwenye mafuta ya injini zake. Haikuwa imegonga chochote. Upepo uliisukuma kwa saa kadhaa, na chombo kilichofika kuinusuru hakikufanikiwa kuifunga kamba katika mawimbi yale. Ikapanda miamba, na tani 84,700 za mafuta ghafi zikamwagika. Miaka michache kabla, Machi 1989, meli ya Exxon Valdez kule Alaska iliachana na tagi yake baada ya kuvuka sehemu nyembamba, ikatoka kwenye njia, ikapanda mwamba wa Bligh na kumwaga takriban tani 37,000. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria inayotaka meli kubwa za mafuta zisindikizwe na vyombo visivyopungua viwili katika maji yale ya Alaska na katika Puget Sound, jimbo la Washington. Washington wenyewe wakaongeza lao: tangu Septemba 2020, hata meli za mafuta za kuanzia tani 5,000 zinazopita mlango wa Rosario na shehena lazima ziwe na tagi.

Hapa nawaomba wataalamu wetu wasinakili tu. Lita milioni 4.5 za dizeli hazifiki tani 4,000. Kanuni ya Washington ikihamishiwa kwetu neno kwa neno, meli hii ya Uganda niliyoitaja itapita bila kuguswa, na sisi tutabaki na sheria nzuri kwenye karatasi. Kipimo chetu kitokane na ziwa letu: kina chake ni mita 40 kwa wastani na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile kule Jinja. Tani 500 zikimwagika katika Ghuba ya Mwanza, kwetu ni janga.

Msimu wa mvua uliopita utando wa dizeli ulifika kwenye vizimba vyangu alfajiri. Ulitoka kwenye boti moja ambayo watu wake walimwaga maji machafu ya chini ya injini, pengine ndoo chache tu. Ulizunguka maboya ya plastiki, ukang'aa rangi nyingi jua lilipotoka, ukashika kwenye nyavu. Kijana wangu hakuwa ameuona. Akarusha chakula kama kawaida. Punje zikaelea juu ya ule utando, sato wakapanda, wakazimeza pamoja na mafuta. Samaki wa ziwani angeondoka. Wa kizimbani hana pa kwenda. Wiki ile mnunuzi alimshika samaki mmoja, akamfunua matamvua, akanusa, akamrudisha, akaondoka na kasha lake la barafu tupu. Wengi wetu tunadaiwa mikopo ya vizimba ambayo Serikali iliitoa Mwanza mwaka 2024. Ndoo chache zimenifanyia hivyo. Sitaki kufikiria tangi zima.

Jiji nalo linachota maji yake Capripoint na Butimba, humu humu ghubani. Klorini huua vijidudu. Haiondoi dizeli. Na usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikiwa imewasha taa na kutanda, meli iliyopoteza usukani itapita wapi bila kumgonga mtu?

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Meli ya mafuta ikivunjika baharini, upo mfuko wa kimataifa wa kuwafidia wavuvi na wenye hoteli, na Tanzania ni mwanachama. Lakini mikataba yake inahusu meli za baharini. Chombo cha ziwani hakimo. Maana yake mafuta yakimwagika hapa, mvuvi wa Igombe atamtegemea mwenye meli na bima yake, kama ipo. Mimi naona hiyo peke yake ni sababu ya kuwa wakali zaidi kuliko watu wa pwani.

Najua jibu litakuwa gharama. Tagi ni ghali, mafuta yake ni ghali, na inahitaji watu waliofunzwa. Alipe mwenye shehena, kwa tozo ndogo kwa kila lita. Ikigawanywa kwenye lita milioni 4.5 haitamwumiza mtu. Tena tagi yenye pampu za kuzimia moto haikai bure. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka Ukara ikiwa karibu kabisa na gati, watu zaidi ya 200 wakafa, na usiku ulipoingia uokoaji ukasimama hadi asubuhi. Chombo chenye nguvu, taa na wafanyakazi wa zamu usiku na mchana ni kitu ambacho kanda hii inakihitaji hata kama hakuna tone la mafuta linalosafirishwa.

Sheria ya kuibebea kanuni hii tunayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha Sheria ya Usafiri ya Ziwa Victoria mwaka 2007, na chini yake mawaziri wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaweza kukubaliana kuanzia tani ngapi meli isindikizwe, katika ghuba zipi, tagi iwe na nguvu kiasi gani na kamba ifungwe wapi. TASAC, shirika letu la Serikali linalosimamia usafiri wa meli, na wenzao wa Kisumu na Entebbe wakutane na manahodha, wavuvi na sisi wafugaji kabla rasimu haijaandikwa. Manahodha wa ziwa hili wanaijua miamba ambayo ramani nyingi haziionyeshi.

Nawaomba pia wabunge wa Mwanza, Mara na Kagera waulize wakati wa bajeti ya Wizara ya Uchukuzi: siku meli ya kwanza ya mafuta ya Uganda itakapopakia hapa, zitakuwepo tagi ngapi zenye nguvu ya kuizuia ikizimika injini, na zitalala bandari gani? Jibu lichapishwe magazetini, kwa namba.

Mfugaji wa samaki,
Luchelele, Mwanza