Barua ya wazi kwa mwakilishi wa wadi yetu: rangi imetangulia mtaro

Mheshimiwa,

Salamu kutoka huku Eastlands, Nairobi. Sisi ni wakazi wa ile barabara inayotoka stejini, ikapita nyuma ya soko na kuishia kwenye ukuta wa shule. Unaijua. Ulipita hapo kwa miguu ukiomba kura, ukanywa chai kwenye kibanda cha mandazi, na ukauruka mtaro kwa wepesi uliotufurahisha sote.

Jumatatu iliyopita asubuhi, hata saa mbili haijafika, walikuja vijana wanne na ndoo za rangi nyeupe. Wakachora mistari ya maegesho upande mmoja, kuanzia kwa muuza gesi hadi kwa kinyozi. Mbele ya duka la dawa kuna shimo ambalo kiangazi kuku huogea vumbi, na mvua ikinyesha watoto huelesha mashua za karatasi. Mstari ulipofika pale ukateremka shimoni, ukapita chini, ukapanda upande wa pili na kuendelea na safari. Aliyeshika brashi hata mkono hakuinua. Kesho yake tukakuta bango: ada ya kuegesha itaanza kutozwa mwezi ujao.

Hakuna aliyetuuliza. Wala hatukuandikii kwa sababu hatutaki kulipa. Anayeacha gari katikati ya mji analipa, na tumezoea. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba kinaporuhusu serikali kutoza ada, kinazungumzia ada za huduma inazotoa. Sasa tuonyeshe huduma. Taa ya barabarani iliyo karibu nasi ni ile ya stejini. Lami iliyobaki ni visiwa. Mtaro umeziba. Kilicho kipya hapa ni rangi peke yake, na rangi yenyewe mkokoteni wa maji umeshaanza kuifuta.

Niseme kidogo kuhusu mtaro, kwa sababu ndipo ugonjwa ulipo. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Fundi yeyote wa hapa atakwambia kwamba lami juu ya udongo huu inaishi kwa kutegemea maji yapate pa kwenda. Yakituama kando, yanapenya chini, udongo unalegea, lori la mchanga linapita juu yake na lami inavunjika kama kaimati. Ndiyo maana viraka tulivyowekewa wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 havikumaliza mvua za masika zilizofuata. Viraka vilikuwa vizuri, tulivishangilia hata. Ila vilimwagwa juu ya maji.

Mtaro huo umezibwa na sisi pia, heri niseme kabla hujasema wewe. Kuna mwenzetu mwenye duka aliyeufunika kwa zege ili wateja wasichafue viatu, na chini ya zege hiyo hakuna anayeweza kuzoa chochote. Kuna nepi. Kuna maganda ya mahindi ya jioni. Mwezi wa Machi tulichanga, tukakodi vijana wenye majembe, wakazoa matope siku mbili na kuyarundika kandokando. Lori la kuyabeba tuliomba katika ofisi tuliyoelekezwa, hatukulipata. Mvua ya kwanza ikayarudisha yote mtaroni. Nilisimama dirishani nikiyatazama yakirudi, taratibu, kama ng'ombe wanaojua zizi lao.

Halafu kuna magari yetu. Nyumba nyingi hapa zilikuwa za chini, za familia moja. Leo ni ghorofa sita, saba, na nyingi kati ya hizo kwenye ramani zilichorewa maegesho chini. Nenda kaangalie chini pana nini: kinyozi, duka la M-Pesa, saluni, chumba cha kuchezea michezo ya video. Kodi ya duka ni tamu kuliko gari la mpangaji. Basi magari yanalala barabarani, pande zote mbili, na kinachobaki katikati ni njia ya bodaboda.

Usiku mmoja mwaka huu, saa tisa hivi, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alibanwa na pumu. Ambulensi ilifika mpaka kwenye kona ya fundi wa baiskeli ikakwama. Dereva akapiga honi. Mlinzi akaanza kuzunguka ploti kwa ploti akiita, "Mwenye Vitz nyeupe! Mwenye Vitz nyeupe!" Vijana hawakungoja, walimkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki, wakambeba wanne, wakipita matopeni kwa mwanga wa simu. Alipona, Mungu ni mwema. Ile Vitz ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelala usingizi wa pono, na niliposhuka na funguo mkononi, kiti kilikuwa kimeshapita. Mzee hajawahi kunitajia jambo hilo. Ananisalimia vilevile, "Habari ya kazi, mwanangu," na mimi ndiye ninayetazama chini.

Kwa hiyo mistari tunaitaka, Mheshimiwa. Tunaitaka kuliko hao walioichora. Tunataka upande mmoja uwe wa kuegesha na wa pili uwe wazi usiku na mchana, tena kwenye kona ile pasisimame hata pikipiki. Lakini wao wamechora mpaka konani, palepale ambulensi ilipokwama. Nafasi moja zaidi ya kutoza, nadhani ndiyo hesabu iliyopigwa.

Tumejaribu kujua barabara hii ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, mitaro ya mvua, na trafiki pamoja na maegesho. Humohumo serikali kuu ina barabara zake, na tangu Sheria ya Barabara ya 2007 kuna mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini. Mwaka 2020 kazi nne za kaunti yetu, uchukuzi ukiwemo, zilikabidhiwa serikali kuu. Mwaka 2022 zikarudishwa. Mwananchi wa kawaida atajuaje aende mlango gani? Tukiulizia mtaro tunaambiwa barabara si yao. Lilipokuja suala la kutoza, mwenyewe akapatikana kwa siku mbili tu. Na tukumbushane kwamba kila lita ya mafuta tunayotia ina ushuru wa kukarabati barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mtu wa bodaboda anayekwepa shimo letu ameshalilipia.

Tunajua wewe huchanganyi lami. Ila Kifungu cha 185 kinakupa wewe na wenzako katika bunge la kaunti kazi ya kuwasimamia wanaoichanganya. Tunaomba ada hiyo isimamishwe mpaka mtaro uzibuliwe na kalvati ya kona ya soko ibadilishwe, kwa sababu bomba lililopo ni jembamba kuliko ndoo. Ile zege ya mwenzetu ivunjwe, tumeshazungumza naye na amenung'unika lakini amekubali. Ramani zilizoidhinishwa za ghorofa hizi zitolewe zilinganishwe na kilichojengwa. Utagombana na watu waliokuchangia kampeni, tunaelewa, na baadhi yao ni wenye nyumba wetu. Pia tunataka maandishi yanayoonyesha barabara hii imeandikishwa kwa nani na mkandarasi wa rangi alipewa kazi kwa utaratibu gani. Ombi hilo tunaliwasilisha kando chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu.

Sahihi zimejaza karatasi kumi na moja, na tumeziambatisha kwa haki tuliyopewa na Kifungu cha 37. Moja ina doa la mchuzi kwa sababu ilizungushwa wakati wa chakula cha jioni, tusamehe.

Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa kwenye kona ya fundi wa baiskeli. Tafadhali njoo, hata kama huna majibu bado. Gari liache kule kwenye kituo cha mafuta, huku ndani halitapita. Na ikinyesha Ijumaa usiku, vaa gambuti.

Wako,
Mwenye Vitz nyeupe, kwa niaba ya majirani