Mgonjwa wa ini asishindishwe njaa akingoja ultrasaundi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wa sirosisi, yaani wale ambao ini lao limejaa makovu na kuwa gumu. Mume wangu ni mmoja wao. Amepasua mbao Sao Hill miaka mingi na ulanzi hajauonja maishani. Ini lake liliharibiwa na homa ya ini aina ya B. Nalitaja hilo kwa sababu huku kwetu Mufindi mtu akivimba tumbo, watu wameshahukumu: pombe. Watoto wachanga nchini wanachanjwa dhidi ya ugonjwa huo tangu 2002. Sisi wazazi wao haikutukuta.

Mwezi uliopita alipangiwa ultrasaundi mjini Iringa, na karatasi ikasema aje bila kula. Tulitoka Mafinga alfajiri. Kufika Ifunda anatetemeka, nikamnunulia viazi viwili vya kuchemsha na chai. Mpimaji aliposikia akatuambia turudi kesho. Nililia pale kwenye benchi, sifichi. Basi yule dada akaja akakaa nami, akanieleza jambo ambalo katika miaka mitatu ya kliniki hakuna aliyetueleza.

Mtu akila, damu nyingi hukimbilia tumboni na kwenye utumbo, na ikitoka huko lazima ipite kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa. Ini la mtu mzima hupokea kama lita 1.5 za damu kila dakika, na karibu robo tatu yake huja kwa mshipa huo. Ini lisilo na ugonjwa ni laini, hutanuka likapokea nyongeza ya baada ya kula. La mume wangu halitanuki. Hapo nilielewa mara moja, maana nalima vinyungu, bustani za bondeni: mfereji ukijaa tope halafu ukafungulia maji mengi, maji hupanda na kutafuta pa kutokea pembeni. Ndivyo presha inavyopanda kwenye mshipa ule, na damu ikapita njia za pembeni, ikiwemo mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ile iliyomtapisha damu mwaka juzi ikabidi ifungwe kwa raba. Sisemi ugali ndio ulioipasua. Daktari hakusema hivyo. Lakini viazi vyangu viwili vilitosha kubadilisha mwendo wa damu uliotakiwa kupimwa.

Kinachoniuma ni jinsi tulivyokuwa tukimlisha. Asubuhi chai kavu, mchana hakuna kitu, usiku mlima wa ugali, kama alivyozoea tangu enzi za msumeno. Tena tuliambiwa na watu tumwondolee maharage na mayai kwamba yanachosha ini, tukatii, na nyama za mapaja zikamwisha. Sasa anakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Maharage na mayai yamerudi: mtu wa kilo 50 kama yeye anahitaji protini gramu 60 hadi 75 kila siku. Chumvi ya siku nzima haifiki kijiko kimoja cha chai. Na halali bila uji, kwa sababu ini lenye makovu halina akiba ya kutosha ya sukari. Usiku mmoja wa njaa kwake ni kama siku mbili tatu kwa mwenye afya, na mwili huanza kujilisha misuli yake.

Sasa ombi langu. Tuliporudi kupimwa, alikunywa uji wake saa tatu usiku, tukachukua namba asubuhi, akaingia chumba cha kipimo saa saba mchana. Saa 16 hana kitu tumboni, wakati kipimo kinahitaji saa 6 hadi 8 tu! Wakuu wa hospitali, wagonjwa hawa wapimwe wa kwanza asubuhi. Na ile karatasi iandikwe saa ya mwisho ya kula pamoja na sababu yake, kwa Kiswahili, maana neno "asile" peke yake mke hawezi kulitii akimwona mumewe anatetemeka.

Tunarudi tena baada ya miezi sita. Nitabeba uji kwenye chupa ya chai, na nitamwomba atakayekuwa dirishani ampe namba ya kwanza.

Mkulima,
Mufindi, Iringa