Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: perege wa Rutamba wasitutoke mikononi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Rutamba. Nasomea shahada ya uzamili ya ikolojia, upande wa kuchunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, na jinsi spishi moja inavyoachana njia ikawa mbili. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la wana Lindi wote.

Agosti iliyopita nilishinda na babu yangu kando ya ziwa, tukipokea samaki wanaoshushwa mitumbwini. Mimi napima urefu na kimo, kisha nakata kipande cha pezi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nakitia kwenye kichupa cha spiriti. Babu hana haja ya rula. Alimshika samaki mkia, akautandaza juani kwa vidole viwili, akanionyesha mistari myeusi iliyosimama kama fito za ukuta. "Huyu sato." Akachukua mwingine. "Huyu wa kwetu." Wa tatu alimgeuza na kumgeuza tena. Mistari ilikuwepo, lakini hafifu, inakatika kabla haijafika ukingoni. Babu ameanza kuvua kabla mama yangu hajazaliwa, na siku ile aliniuliza mimi: "Na huyu tumwiteje?"

Mheshimiwa, huyo "wa kwetu" si perege tu. Wataalamu wanamwita perege wa Korogwe, kwani alijulikana kwanza kule Tanga. Kati ya mwaka 2013 na 2016 ndipo watafiti walipombaini katika maziwa yetu ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa ndugu zake wa mto Zigi na bwawa la Mlingano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulisoma vinasaba vya pande zote mbili. Ukakadiria kuwa wa kusini na wa kaskazini waliachana yapata miaka 140,000 iliyopita. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewaleta hapa kwa ndoo. Wameishi peke yao katika maji haya muda wote huo, wakibadilika kivyao, mpaka umbo na vinasaba vyao vimekuwa tofauti na vya wenzao.

Utafiti huohuo ulikuta machotara wa perege huyu na sato katika maziwa matatu ya kusini. Sato kwa asili si samaki wa maji yetu. Amesambazwa nchini kwa ufugaji kwa sababu anakua upesi na kuwa mkubwa. Shida ni kwamba anapandana na perege wetu, na chotara naye anazaa. Kila kizazi kinachanganya zaidi, na kilichokwisha kuchanganyika hatuna namna ya kukichambua tena. Ziwa Victoria sato aliingizwa miaka ya 1950, wakati mmoja na sangara. Ngege, perege wa asili wa ziwa lile aliyekuwa kitoweo kikuu cha wenyeji wa kule, leo ni wa kutafutwa katika maziwa madogo ya pembeni.

Sisemi watu waache kufuga. Shangazi yangu ana bwawa, na ada ya shule ya wanawe inatoka humo. Lakini bwawa likichimbwa bondeni, mvua kubwa ikavunja ukingo, vifaranga huishia ziwani. Ombi langu ni hili: kabla vifaranga havijagawiwa katika vijiji vinavyozunguka maziwa haya, mtu anayewajua samaki avikague, na sato asipelekwe bonde linalomwaga maji ziwani. Badala yake mkoa uanzishe kitalu cha perege wa kwetu, kutoka sehemu ambazo bado hawajachanganyika. Atakua polepole kuliko sato, nakubali. Ila jeni zake zimezoea maji haya kwa miaka elfu nyingi, na siku wafugaji watakapohitaji mbegu inayohimili hali ya huku, hatutaipata dukani.

Wa kukagua wapo. Tuko vijana kadhaa wa Lindi na Mtwara tuliosomea mambo haya, wengi wetu tunauza vocha au tunaendesha bodaboda. Mimi nilizungushwa miezi tisa na ofisi moja kwa barua ya utambulisho tu, nikaukosa msimu mzima wa kuzaliana kwa samaki. Tupeni barua kwa wakati, na chumba chenye meza, rafu na jokofu hapahapa mkoani. Sampuli za Lindi zinasafiri mbali, na mwanafunzi wa hapa akitaka kuziona naye asafiri. Hata komba mdogo wa Rondo, wa gramu 60 hivi, anayeishi pia katika msitu wa Litipo jirani na ziwa letu, watoto wa shule za huku wengi hawajaambiwa kuwa hapatikani kokote duniani ila Tanzania.

Vichupa vyangu viko nyumbani kwa babu, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, kila kimoja kina tarehe na jina la ziwa. Mvua zitaanza Desemba. Nakuomba utume afisa uvuvi kabla ya hapo, nizunguke naye bwawa kwa bwawa. Babu ameniahidi mtumbwi wake.

Wako mtiifu,
Mtafiti kijana, Rutamba