Barua ya wazi kwa vijana mnaopika bia majumbani, Mtwara na Lindi

Wanangu na wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nawaandikia kutoka Newala, nikiwa barazani.

Mwezi uliopita wenzenu watatu walinitembelea, mmoja kutoka Mtwara mjini na wawili kutoka Masasi. Waliniletea chupa mbili za bia waliyopika wenyewe kwa kimea cha mtama, wamezifunga kwa gazeti na kuzilaza kwenye ndoo yenye barafu. Ya kwanza nilipoimimina ilisimamisha povu jeupe, ikanukia kama mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, ulikaa nyuma ya ulimi bila kugombana na utamu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ya pili, ya viungo vilevile lakini ndoo iliyopikwa wiki mbili baadaye, ilikuwa imeelekea kwenye siki.

Nikawauliza: ndoo hii mliipika siku gani? Chumba kilikuwa na joto kiasi gani? Hamira mliipima au mlikadiria kwa jicho? Wakatazamana. Mmoja akatoa simu akaanza kutafuta picha ya sufuria. Daftari halikuwepo.

Walipokuwa wanaondoka, yule anayeendesha bodaboda aliniuliza, kofia ikiwa bado mkononi: "Babu, niuze pikipiki ninunue mitungi, niingie kwenye kazi hii moja kwa moja?" Nilimwambia palepale asiuze. Maelezo yake lakini ni marefu, tena si yake peke yake.

Nilifanya kazi miaka 26 katika kiwanda cha bia Dar es Salaam. Miaka miwili ya kwanza sikupika chochote, niliosha. Niliosha matangi, mabomba, vali na sakafu, kwa soda kali ya kusafishia, ya moto, kwanza kisha kwa maji, nikainamisha kichwa kunusa kama kuna harufu iliyobaki. Msimamizi wangu alikuwa akipitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba, na kikitoka na utelezi tunaanza upya. Wakati ule niliona nimeonewa. Sasa najua kwamba ndiko nilikofundishwa kazi. Kijana anayekuja kutafuta ajira kwenye kiwanda kidogo cha bia, hizi bia za krafti, zinazopikwa kidogokidogo, mnazoziota, ataoshea wenzake kabla hajakabidhiwa sufuria. Kama nyumbani kwako unachukia kuosha ndoo, fikiria tena.

Anayekuajiri hatakuuliza kama umewahi kupika bia tamu. Bia tamu ya siku moja hata bahati huipika. Anachotaka kujua ni kama bia ya Jumanne hii itafanana na ya Jumanne ijayo, na kama haikufanana, unaweza kumwonyesha ni wapi zilipoachana. Huko Marekani kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na sheria ya mwaka 1978. Ken Grossman, kijana aliyekuwa na duka la vifaa vya wapika bia wa nyumbani katika mji wa Chico, alikusanya vyombo vya zamani vya viwanda vya maziwa, akaviunga, na mwaka 1980 akaanza kupika katika kiwanda chake, Sierra Nevada. Mapishi kadhaa ya mwanzo aliyamwaga kwa sababu hayakuwa yakifanana. Fikirieni mtu aliyefilisi mfuko wake kununua kimea, anasimama juu ya mtaro anamwaga. Hapo ndipo ninapomwona mpishi.

Kwa hiyo nunueni daftari la kaunta, lile gumu. Kila ndoo iwe na ukurasa wake: tarehe, uzito wa kimea, maji yametoka wapi, joto asubuhi na jioni, gramu za hamira, na kipimo cha utamu kabla na baada ya kuchacha. Kipimo chenyewe, haidromita, ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kikisoma 1.050 mwanzo na 1.010 mwisho, una bia yenye kilevi cha asilimia 5 na kidogo. Kikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, ndipo ufunge chupa, na sukari ya kuleta povu uipime kwa mizani, kama gramu 6 kwa lita, usimimine kwa kijiko.

Hili la chupa nalisema kwa uchungu. Mwaka 1998, nikiwa likizo hapa nyumbani mwezi wa saba, nilipika ndoo moja. Newala mwezi ule kuna baridi, hamira ikapunguza kasi, mapovu yakakoma, nami nikaamini kazi imekwisha. Sikupima. Nikafunga chupa, nikazipanga stoo, nikarudi Dar. Joto la Oktoba lilipoingia hamira iliamka ndani ya chupa zile ikamalizia sukari iliyokuwa imebaki. Mama yangu alikuwa anachota unga chupa ya kwanza ilipopasuka, ikafuatwa na nyingine. Alishonwa mkono nyuzi nne. Kosa lile lilikuwa langu tupu, na mpaka alipofariki sikuwahi kuuangalia mkono wake bila kulikumbuka.

Sasa mabibo, yale matunda ya mkorosho, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Mnahangaika na kimea cha kuagiza na hopsi ambayo hailimwi kwetu, na bei yake mnaijua. Nyuma ya nyumba zenu, kila msimu, kila kilo ya korosho inaacha chini ya mti kilo tano hadi kumi za mabibo, na mengi yanaozea hapohapo. Bibi zetu waliyaponda kinuni wakapata uraka, na uraka ulinywewa siku ileile au kesho yake kwa sababu haukai. Ninyi mna ndoo zenye mifuniko, mna hamira ya kununua, mna vipimo. Mvinyo wa mabibo uliotulia wiki kadhaa ukawa mweupe unaweza kuwa kinywaji cha watu wa Mtwara na Lindi ambacho hakuna mgeni atakayewafundisha.

Kazi yake ina mambo yake. Okoteni bibo lililoanguka asubuhi ileile, lisilopasuka, kwa sababu juisi yake huanza kuchacha siku hiyohiyo. Ng'oeni korosho mkaiweke pembeni kabla ya kuponda, isije ikasagika humo: mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na midomo itakuwaje? Ukakasi unaokausha ulimi unatolewa kwa wanga wa muhogo. Pikeni uji mwepesi sana, gramu 5 kwa lita ya juisi, upoe, changanyeni, acheni usiku kucha. Asubuhi mtakuta tope limekaa chini na juisi safi juu. Chukueni ya juu kwa mpira bila kutikisa. Muhogo tunao, mabibo tunayo. Pale Naliendele, Mtwara, kuna watafiti wa korosho, nendeni mkawaulize, wanapokea watu.

Huko Goa, India, mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil kama ulivyoletwa pwani hii ya Afrika Mashariki. Wao kinywaji chao cha mabibo, feni, kilipata mwaka 2009 alama ya kisheria ya mahali kinakotoka. Feni lakini hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa kuwa pombe kali, na kwetu kukeneka bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Moshi, yaani gongo, ya mwaka 1966. Gongo msiiguse. Msiifanyie hata majaribio ya ndoo moja usiku. Inawapofusha watu na kuwaua, na kijana mwenye kesi ya gongo hapati kibali cha kitu kingine chochote.

Na kibali mtakihitaji siku mtakapouza hata chupa moja. Leseni ya vileo iko halmashauri, ubora uko TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili pia majengo ya chakula, na stempu za kielektroniki za ushuru ziko TRA, mamlaka ya mapato. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo, waulizeni kuhusu vyombo. Msione ni usumbufu. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017, watu waliamka asubuhi biashara yote imekwisha.

Kuhusu kusoma: SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wanafundisha sayansi ya chakula, na Institute of Brewing and Distilling ya London, taasisi ya wapika pombe, ina mitihani inayotambulika kila penye bia. Lakini kama huna ada, ushauri wangu ni VETA, vyuo vya ufundi stadi, ukasome ufundi wa majokofu au wa kuchomelea. Kiwanda kidogo kina watu wanne au watano. Pampu ikifa saa nane usiku, atakayeifufua hawezi kukosa nafasi, na akishakuwa ndani ataonja, atauliza, atafika kwenye sufuria.

Ndiyo maana nilimwambia mwenye pikipiki asiuze. Abebe abiria asubuhi, apike Jumamosi. Hela ya korosho inaingia Oktoba hadi Januari na kila mtu anakuwa mteja, kisha Machi hakuna wa kununua hata soda. Asiyekuwa na kipato kingine mwezi wa tatu atauza ndoo zake.

Jambo moja linanisumbua. Ninyi kuonja ni kazi, na kuonja kunageuka kunywa bila kupiga hodi. Nimewazika wenzangu watatu wa kiwandani, mafundi kuliko mimi. Onjeni kwa glasi ndogo, temeni, andikeni, na siku nyingine msiguse kabisa. Na majirani zetu wengi pombe kwao ni haramu. Msipikie karibu na msikiti, msimtume mtoto kubeba chupa, na mzee akikukataza kupika uani kwake, hamisha sufuria bila ubishi.

Mabibo yataanza kuanguka Oktoba. Mwenye ndoo aje kwangu Newala na chupa tatu za ndoo hiyohiyo, moja ya wiki ya pili, moja ya wiki ya nne, moja ya wiki ya nane, na ukurasa wake wa daftari. Tutazionja kwa mpangilio huo, asubuhi kabla ya kula. Yule wa bodaboda aje na mwenzake wa Masasi, nauli ya kurudi nitatoa mimi.

Babu yenu,
Newala